Sauti ya kituo kimoja yasikika mahali kisipotangazia

Swali
Ndugu zangu, mwezi uliopita nilihamia nyumba iliyo karibu sana na mnara wa vituo viwili vya FM, kimoja kikitangaza kwenye megahezi 98.1 na kingine 101.3. Tangu hapo vituo vya mbali nilivyozoea kuvisikiliza vimepotea, na kwenye 94.9, ambako hakuna kituo, nasikia sauti za vile viwili zikiwa zimevurugana. Je, mitambo yao ina hitilafu, au tatizo ni redio yangu?

Jibu la 1
Fanya hesabu: 98.1 mara mbili ni 196.2, na ukitoa 101.3 inabaki 94.9. Redio ikipokea mawimbi mawili yenye nguvu kuliko inavyoweza kuhimili, sehemu yake ya mwanzo huyachanganya na kuzalisha masafa mapya ambayo hayakurushwa na mtu yeyote. Sikiliza pia 104.5, kwa kuwa hesabu ileile ikigeuzwa huleta namba hiyo. Vituo vya mbali navyo havijapotea hewani, bali redio iliyozidiwa nguvu haiwezi tena kuvisikia.

Jibu la 2
Nakubaliana na mwenzangu, lakini tusiihukumu redio mapema, kwa sababu mchanganyiko huo unaweza pia kutokea mnarani humo, au hata kwenye maungio ya chuma yenye kutu. Punguza urefu wa antena kidogokidogo. Mawimbi yakipungua kwa desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), sauti ya uongo inayozaliwa ndani ya redio hupungua kwa takriban desibeli 30, ilhali iliyomo hewani kweli hupungua sawa na vituo vingine.

Muulizaji
Nimeikunja antena nusu tu, na sauti ya 94.9 imetoweka kabisa, wakati 98.1 bado inasikika vizuri. 104.5 nayo ilikuwa vilevile. Nasikitika kwamba nilikwisha kuwalaumu mafundi wa kituo. Vituo vya mbali, hata hivyo, havijarudi.

Jibu la 2
Havitarudi kwa antena fupi. Unahitaji redio yenye tundu la antena ya nje, antena yenye mwelekeo iliyoupa mnara kisogo, na kati ya antena na redio vichujio vya kuzuia 98.1 na 101.3. Usinunue vichujio kwa ajili ya redio ndogo ya mkononi, kwani mawimbi ya karibu hivyo hupenya hata kupitia nyaya zake za ndani, na fedha yako itapotea bure.