Tupeane uzoefu: mgonjwa kaingia kwenye shoku (damu haifiki ya kutosha viungoni), unamtambuaje na unaanzia wapi?

Muuguzi wa Newala: Wauguzi wenzangu wa Kusini, poleni na zamu. Msimu wa korosho watu wanashinda mashambani, nyoka wako chini ya majani makavu na bodaboda hazipumziki, kwa hiyo tukumbushane. Msisubiri presha ishuke. Kwa kijana au mama aliyejifungua, mishipa hujibana na presha husomeka vizuri huku damu inaisha. Shika viganja na nyayo kwanza. Bonyeza ukucha sekunde 5, achia, hesabu. Rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 3, mapigo yakaenda mbio na mgonjwa hatulii, anza kazi hata kama mashine inaonyesha presha ya 110. Haya, kila mtu alete aina anayokutana nayo.

Mkunga wa Kilwa: Damu baada ya kujifungua. Gawanya mapigo kwa namba ya juu ya presha, jibu likifika 0.9 ita wenzako. Mapigo 110 kwa presha 100 ni 1.1, huyo tayari yuko pabaya. Kanga zinadanganya jamani! Inanyonya damu nyingi na kwa macho unaiona kidogo. Ipime kwenye mizani, toa uzito wa kanga kavu. Gramu 1 ni kama mililita 1.
Kanda mji wa mimba, choma oksitosini (dawa ya kuukaza) yuniti 10 kwenye msuli, kisha asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu) gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu ajifungue. Kibofu kikijaa mji wa mimba haukazi, weka katheta (mpira wa mkojo) mapema. Ukiwa umekaza na damu bado inatoka, tafuta mchaniko. Kanula, yaani mirija ya kuingiza dripu mshipani, ziwe mbili, za kijivu namba 16. Ile ya pinki ni nyembamba, maji yanachelewa.

Zamu ya Usiku, Masasi: Aliyeumwa na kifutu anaweza kupata shoku ya pili mikononi mwetu, kwa sababu dawa ya kuzuia sumu huleta mzio mkali. Kabla ya kuifungua, adrenalini iwe imeshavutwa kwenye sirinji: mtu mzima mililita 0.5 ya ile yenye nguvu ya moja kwa elfu (1:1000), kwenye msuli wa paja upande wa nje, rudia baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Mtoto ni mililita 0.01 kwa kila kilo ya uzito wake. Wengi hukosea kwa kukimbilia haidrokotisoni, ambayo huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Mlaze, inua miguu. Asisimame hata kwenda chooni, maana damu ikishuka miguuni ghafla moyo unaweza kusimama.

Wodi ya Watoto, Lindi: Dada wa Newala, kwa mtoto mwenye homa usifungue dripu yote. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, uliotoka 2011, ulionyesha kuwa waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi. Akiwa na mikono baridi, rangi inayochelewa na mapigo dhaifu ya mbio, vyote vitatu, mpe mililita 10 hadi 20 kwa kilo ndani ya dakika 30 hadi 60, huku ukisikiliza mapafu na kugusa ini. Mwenye utapiamlo mkali ana utaratibu wake.
Kipindupindu ni kinyume, hapo usibanie. Mtu mzima wa kilo 50 anahitaji lita 1.5 za Ringa (maji ya dripu yenye chumvichumvi) nusu saa ya kwanza, yaani chupa 3 za mililita 500, halafu lita 3.5 kwa saa 2 na nusu.

Kaka wa Majeruhi, Mtwara: Aliyeanguka mnazi akiwa na presha ya chini, mapigo ya polepole na ngozi ya joto, fikiria uti wa mgongo, shingo isigeuzwe. Lakini kwanza hakikisha havuji damu tumboni, kifuani au nyongani.
Shoku ya moyo inafanana na nyingine kwa ubaridi wa mikono, ila mishipa ya shingo imevimba na mapafu yanatoa mlio wa maji. Huyo mkalishe, mpe oksijeni, muite daktari, na ile dripu ifunge.