Naombeni ushauri: kitabu cha picha tunachokichangia Tanga, tuchape nakala 500 au 1,000?

Ukindu wa Pwani (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Niko Tanga. Wapenzi wa vitabu tumeungana kumchangia binti mmoja mchoraji wa hapa mjini ili kitabu chake cha watoto kitoke. Ni hadithi ya mtoto wa mvuvi wa Kigombe aliyekutana na silikanti, yule samaki wa kale ambaye kwa ajili yake bahari yetu ilitangazwa hifadhi mwaka 2009. Kurasa 32, ukubwa wa A4, picha za rangi, Kiswahili kitupu. Kinawafaa watoto wa darasa la pili hadi la nne.

Mwitikio umekuwa mzuri mno. Watu zaidi ya themanini wameingia na tuna kama milioni tatu. Swali langu ni moja tu: tuchape 500 au 1,000? Mchapaji anasema tukichapa 500 kila nakala ni 4,800, tukichapa 1,000 ni 3,300. Usiku silali, napiga hesabu mpaka alfajiri. Tafadhali tusitoke nje ya swali.

Fundi Pleti
Mkuu, nikuonyeshe kwanza kwa nini bei inashuka. Kama mashine yake inabeba kurasa 8 upande mmoja wa karatasi, kurasa zako 32 zinatoka kwenye karatasi kubwa mbili, pande nne. Kila upande unahitaji pleti (bamba la kuchapia) nne, moja kwa kila rangi, kwa hiyo 16 za ndani na 4 za nje ya jalada. Pleti hizo utazilipia hata ukichapa nakala kumi. Weka juu yake karatasi zinazoharibika wakati fundi anasawazisha rangi. Ukishavuka hapo unalipia karatasi, wino na muda.

Kwa bei ulizotaja, nakala 500 za ziada zinakugharimu 900,000, yaani 1,800 kila moja. Inavutia. Ila nakala moja ya A4 yenye karatasi ya gramu 130 kwa mita ya mraba ndani na jalada la gramu 250 ina uzito wa gramu 160 hivi. Nakala 500 ni kilo 80, na Tanga kuna unyevu. Maboksi yakikaa sakafuni miezi mitatu, karatasi inajikunja na kurasa zinashikana. Usichape usichojua utakiweka wapi na utamuuzia nani.

Mama Vitabu
Mimi nimefurahi tu. Hapa kwetu hatushindwi kuchanga. Harusi ikitangazwa kadi zinafika, kamati inakaa vikao sita, milioni zinapatikana na chakula kinaliwa usiku mmoja. Leo watu themanini wanatoa kwa ajili ya kitabu ambacho mtoto wa Kigombe atafungua na kumkuta samaki wa bahari yake mwenyewe. Mchangiaji akiona jina lake ukurasa wa mwisho, kile kitabu ni chake, atakisimamia na kukinadi bila kulipwa. Wachangiaji, Mungu awabariki. Nakala 1,000, msiogope.

Safari Ndefu
Kwa nini msiende Kickstarter, ule mtandao wa kuchangisha miradi, mkapata dola? Mambo ya milioni tatu ni madogo.

Mkaguzi wa Daftari
Safari Ndefu, Kickstarter inataka mwenye mradi awe mkazi wa nchi zilizo kwenye orodha yao, na Tanzania haimo. Hata angekuwamo, kule usipofikia lengo hupati hata senti, na ukifikia wanakata asilimia 5 kabla ya makato ya malipo ya kadi. Kenya wana M-Changa, inayopokea kwa simu. Kwa watu themanini wanaofahamiana, njia ya simu inatosha kabisa.

Ukindu, kabla ya 500 au 1,000 naomba manne. Fedha zinaingia kwenye namba ya nani? Lengo lilikuwa kiasi gani? Mwisho wa kuchanga ilikuwa tarehe ngapi? Na mliwaandikia nini wachangiaji kuhusu kutofika lengo?

Ukindu wa Pwani
Fedha ziko salama, hilo lisikupe shida. Nilichouliza ni idadi ya nakala.

Babu wa Historia
Kuchangishana kwa sanaa si jambo la juzi. Mwaka 1885 jiwe la kusimamishia Sanamu ya Uhuru kule New York lilikwama kwa kukosa fedha. Mwenye gazeti la World, Joseph Pulitzer, akatangaza kwamba kila atakayetoa, hata senti chache, jina lake litachapwa gazetini. Wakatoa watu zaidi ya 120,000, wengi wao chini ya dola moja, na zikapatikana zaidi ya dola 100,000. Kilichowavuta wale watu ni jina kuonekana na hesabu kutangazwa waziwazi. Ukindu, hapo kwenye hesabu ndipo mwenzetu anapokuuliza.

Mkaguzi wa Daftari
Narudia maswali yangu manne. Idadi ya nakala inategemea majibu hayo.

Ukindu wa Pwani
Sawa. Zinaingia kwenye namba yangu. Lengo lilikuwa 5,000,000: uchapaji 2,400,000, mchoraji 1,500,000, mhariri 400,000, kusafirisha 400,000 na 300,000 ya dharura. Mwisho ilikuwa tarehe 30 ya mwezi uliopita. Kwenye tangazo niliandika kwamba tusipofika lengo kila mtu atarudishiwa chake. Nilifuata mfano wa matangazo mengine.

Hatukufika. Lakini watu wenyewe hawajauliza, wote wana hamu ya kitabu. Na mchapaji nimeshampa adivansi ya 1,200,000 kwa nakala 500 kwa sababu alisema karatasi inapanda bei. Sioni kosa. Ningengoja, bei ingepanda na hao hao wangenilaumu. Mchoraji anajua fedha yake itakuja baadaye.

Mkaguzi wa Daftari
Kumbe jibu la 500 ulishalilipia.

Mchoraji anajua kwa maandishi? Sasa hivi yeye ndiye anayewakopesha wote bila riba. Na hao waliochanga walikupa fedha kwa sharti uliloliandika mwenyewe. Sharti limefika tarehe yake na wewe umenyamaza. Hata kama wote wangekubali kuendelea, lazima waulizwe.

Jicho la Kozi
Wakuu, mimi naona hii hadithi imetungwa. Mleta uzi kaanza na swali la mchapaji, ghafla kuna adivansi, ghafla kuna sharti. Anasema ana kama milioni tatu, haweki mchanganuo. Kesho atakuja na namba ya simu hapa, "jamani tumebakiza kidogo, changieni silikanti." Tumeuona mtindo huu. Weka hesabu mtu kwa mtu au uzi ufungwe.

Mama Vitabu
Kozi, usimkatishe mtu tamaa bila ushahidi. Lakini Ukindu nawe, weka hesabu tu.

Ukindu wa Pwani
Sijaomba senti humu na sitaweka namba. Hesabu hii hapa. Waliotoa 20,000 ni 61, jumla 1,220,000, kila mmoja anapata nakala moja. Waliotoa 50,000 ni 17, jumla 850,000, nakala mbili mbili. Waliotoa 100,000 ni 5, jumla 500,000, nakala nne nne. Watu 83, fedha 2,570,000.

Jicho la Kozi
Uliandika kama milioni tatu. Hiyo 430,000 iko wapi?

Ukindu wa Pwani
Ni ahadi. Watu 14 waliosema watatuma mwisho wa mwezi: watano wa 50,000 na tisa wa 20,000. Nilizijumlisha.

Kama bado unaona nimetunga, nikuambie kinachoninyima usingizi hasa, kuliko hata fedha. Juzi mchapaji alinitolea prufu, yaani karatasi ya majaribio ya kukagua kabla ya kuchapa. Ukurasa wa 14 ndiyo picha kubwa, silikanti anapanda kutoka kilindini usiku. Binti alimchora buluu ya kiza yenye madoa meupe, kwenye kompyuta anang'aa vizuri. Kwenye prufu katoka zambarau. Zambarau ya bilinganya. Mchapaji anasema karatasi ndiyo ilivyo, nisaini, wakatengeneze pleti. Binti aliiangalia ile prufu, akaigeuza kifudifudi mezani, akaondoka bila kusema kitu.

Fundi Pleti
Kozi, huyu hajatunga. Buluu kugeuka zambarau ndiyo kosa linalompata kila anayechora kwenye kompyuta mara ya kwanza, na mtu asiyeishika prufu mkononi hawezi kulisimulia hivyo.

Ukindu, USISAINI. Karatasi haina kosa. Kioo cha kompyuta kinatengeneza rangi kwa mwanga, mashine inatengeneza kwa wino wa samawati, waridi, njano na mweusi. Buluu ya kiza hupatikana kwa samawati nyingi na waridi kiasi. Faili likigeuzwa lenyewe bila mtu kuangalia, waridi mara nyingi inapanda mpaka inaikaribia samawati, na hizo mbili zikilingana jicho linaona zambarau. Mwambie binti afungue faili katika mfumo wa rangi nne, apime mwili wa samaki. Samawati ikiwa 100, waridi ishuke hadi 65 au 70, pawe na pengo la asilimia 30 angalau. Kiza akiongeze kwa mweusi kidogo, si kwa waridi. Ukijumlisha asilimia za wino zote nne sehemu moja, isizidi 300, la sivyo haukauki haraka na utachafua ukurasa unaolalia.

Pleti zikiwa hazijatengenezwa, marekebisho haya ni kazi ya nusu siku, bure. Zikishatengenezwa, unalipia upya zote nne za upande huo.

Jicho la Kozi
Nimeelewa. Nilimshuku bure kuhusu kutunga, naomba radhi. Kuhusu hesabu bado nasimama palepale: ahadi si taslimu.

Mkaguzi wa Daftari
Hapo tuko pamoja. Ukindu, taslimu ni 2,570,000. Ukitoa adivansi unabaki na 1,370,000. Ukimalizia mchapaji unabaki na 170,000, na mchoraji hajapata hata shilingi. Wote wakidai leo, unapungukiwa 1,200,000, ile ile uliyolipa.

Usimfanye mtu yeyote adhani kimya chake ni idhini. Leo hii tuma ujumbe kwenye grupu, halafu mtumie kila mmoja peke yake, kwa sababu kwenye grupu watu huona aibu kudai. Uandike hivi, kwa lugha yako: tulilenga 5,000,000, tumepata 2,570,000 taslimu, nimelipa adivansi 1,200,000 kabla ya kuwauliza, risiti hii hapa. Chagua moja: urudishiwe, au ubaki na kitabu kitoke kwa mpango mpya. Mpe siku saba. Makato ya kurudisha ni yako, si ya mchangiaji. Asiyejibu umpigie simu.

Halafu kaa na mchoraji. Andikeni ukurasa mmoja: anapata kiasi gani siku gani, na haki ya picha inabaki kwake. Nakala ulizokwishaahidi ni 115, zinabaki 385 za kuuza. Zikiuzwa 12,000, nakala 125 za kwanza zinatosha kumlipa 1,500,000 yake yote. Liandikeni hilo: yeye kwanza, kabla ya mtu mwingine.

Na fedha zitoke kwenye simu yako. Fungueni akaunti ya kikundi yenye sahihi mbili, au hata M-Koba, huduma ya simu ya fedha za vikundi, ambayo kutoa fedha kunahitaji idhini ya viongozi. Si kwamba wewe ni mwizi. Simu inapotea, na mtu anaugua.

Ukindu wa Pwani
Naogopa wakidai wote.

Mama Vitabu
Watu waliotoa 20,000 kwa ajili ya samaki hawatakukimbia kwa kuambiwa ukweli. Watakukimbia wakiusikia kwa mwingine.

Ukindu wa Pwani
*(baada ya siku nane)*
Wakuu, nimerudi na majibu. Nilituma usiku ule ule. Wote 83 wamejibu, wengine niliwafuata kwa simu. Waliotaka kurudishiwa ni sita: watano wa 20,000 na mmoja wa 50,000. Nimeshawatumia 150,000, makato nimebeba mimi. Katika wale 14 wa ahadi, wanane wamelipa baada ya kusoma hesabu, 250,000. Wachangiaji wanne wameomba nakala zao ziende shule ya msingi kijijini badala ya kwao. Mmoja, mzee anayeuza madafu karibu na stendi, alinitumia sauti akisema hajawahi kuandikiwa risiti ya mchango maisha yake yote.

Tuna 1,470,000 mkononi. Mchapaji 1,200,000, mchoraji 250,000 wiki hii, na tumeandikiana kwamba nakala 105 za kwanza kuuzwa ni zake mpaka ifike 1,500,000. Mhariri amekubali kungoja zamu yake baada ya mchoraji, naye tumeandikiana. Wa hapa Tanga watachukua vitabu kwa mkono, wa mikoani nimewaomba wajilipie kifurushi cha basi na wamekubali. Maombi ya ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, tumepeleka Bodi ya Huduma za Maktaba. Akaunti ya kikundi inafunguliwa Jumatatu.

Binti alipima samaki wake: samawati 100, waridi 95. Ameishusha hadi 65. Prufu mpya inatoka kesho saa nne.

Fundi Pleti
Nenda naye, yeye ndiye aangalie. Itoeni nje, kivulini, muitazame kwa mwanga wa mchana, maana taa za ndani zinadanganya buluu. Pimeni milimita 3 za kukatia pande zote, na hakikisheni maneno hayakaribii mkunjo wa katikati.

Halafu ukurasa wa 14 muutazame madoa. Yale meupe si wino, ni karatasi tupu iliyoachwa. Prufu itawaonyesha rangi tu, haitawaambia kama pleti zimekaa sawasawa. Kwa hiyo mwombeni mchapaji mwepo mashine ikiwashwa. Pleti moja ikihama kidogo, doa linapata ukingo wa waridi upande mmoja. Chukueni karatasi ya kwanza anayosema iko tayari, mtazame kwa kioo cha kukuza, doa kwa doa. Binti akiona ukingo hata kwenye doa moja, mashine isimame isawazishwe, ndipo asaini.