Skrini kubwa ndani ya gari: inamsaidia dereva au inamwondolea macho barabarani?

Mkazi wa Chumbageni
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nimenunua gari lililotumika kutoka Japani, ambalo kiyoyozi na redio yake huendeshwa kwa kugusa skrini iliyo katikati ya dashibodi, tena yenye maandishi ya Kijapani matupu. Juzi nikitoka Segera kurudi Tanga, mvua ilinikuta karibu na Muheza, kioo cha mbele kikashika ukungu, nami nikawa napapasa skrini nikitafuta alama ya kupuliza hewa kiooni. Nilipoinua macho, mwendesha baiskeli mwenye tenga la machungwa alikuwa ameshaingia barabarani. Nilikanyaga breki kwa nguvu hata vikapu vya kiti cha nyuma vikamwagika vyote. Tulisalimika. Fundi mmoja ananishauri nifunge skrini nyingine, kubwa zaidi, yenye lugha ninayoielewa. Je, kosa ni la lugha, ni la uzembe wangu, au ni la namna gari lilivyopangwa ndani?

Dereva wa Pongwe
Pole sana, ndugu yangu. Lugha inachangia, lakini sidhani kama ndiyo kiini. Gari likienda kilomita 80 kwa saa hukata takriban mita 22 kila sekunde, kwa hiyo ukiangalia skrini kwa sekunde tatu umeshapita mita 66 bila kuona mbele. Mwaka 2022 jarida la magari la Uswidi liitwalo Vi Bilägare liliwapa madereva kazi chache za kawaida, kama kuongeza joto na kubadilisha stesheni ya redio, wakiwa katika mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Katika Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe, kazi zote zilikwisha kwa sekunde 10. Katika MG Marvel R, yenye skrini, zilichukua karibu sekunde 45, yaani zaidi ya kilomita moja na robo. Madereva hao walikuwa wamepewa muda wa kuizoea mitambo kabla ya jaribio, kwa hiyo hata skrini yako ingekuwa ya Kiswahili, kidole bado kingehitaji macho ya kukiongoza, kwa kuwa kioo kilicho laini hakina cha kupapasa.

Fundi umeme, Ngamiani
Kwa heshima ya fundi mwenzangu, mimi nisingefunga hiyo kubwa zaidi. Nyingi huchomoza juu ya dashibodi na kuziba sehemu ya barabara, na usiku mwanga wake humchosha dereva asipoupunguza. Tafuta paneli ya kiyoyozi yenye vinobu vya kuzungusha inayooana na toleo la gari lako. Kinobu chenye mikunjo ukishakizoea, mkono unakifikia wenyewe. Nina mawili mengine. Kwanza, waambie wanaokuoshea gari wasiipake dashibodi mafuta ya kung'arisha, maana jua la mchana huakisi hapo na kurudi kwenye kioo cha mbele. Pili, usigandishe kishikio cha simu juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa (airbag), kwani ukifumuka utakirusha usoni mwa mtu.

Mama wa Raskazone
Nakubaliana na fundi, ila tusiilaani skrini yenyewe. Nyumbani kwangu kuna watoto wanaocheza uani, na kamera ya nyuma imenisaidia kuona nisichokiona kwenye vioo vya pembeni. Hapo gari linakwenda kwa kutambaa, nami nina nafasi ya kutazama. Ubaya ni kuipa skrini kazi zinazohitajika gari likiwa mbioni. Hata Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia mwaka 2026 hawatoi alama zote kwa gari iwapo indiketa, honi, waipa na taa za tahadhari hazina swichi za kushikika.

Mkazi wa Chumbageni
Ahsanteni sana, nimeelewa. Skrini itabaki kwa ajili ya kamera ya nyuma, na Jumamosi nitampelekea fundi wa Ngamiani gari atafute paneli ya vinobu. Tasbihi iliyokuwa ikining'inia kwenye kioo cha kati, ikiyumba mbele ya macho yangu kila nilipokata kona, nimeshaihamishia kwenye droo.