Mtumbwi wa fito za mbao: ramani ipi, mbao zipi?

Mwanaziwa (Duluth, Minnesota)

Habari zenu wakuu. Mimi ni mzaliwa wa Mbita, nimekulia kando ya Ziwa Victoria, na huu ni mwaka wa sita nipo Duluth, kando ya Ziwa Superior. Nimepata gereji yenye hita, nataka majira haya ya baridi nijenge mtumbwi wa fito. Kwa asiyeufahamu: unapasua mbao kuwa fito za unene wa robo inchi, unazibandika kwa gundi moja juu ya nyingine kwenye kalibu (fremu zinazoupa mtumbwi umbo), kisha unafunika ndani na nje kwa kitambaa cha faiba na epoksi, gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu.

Nimekwama kwenye mambo mawili. Ramani kwanza. Kuna ya mtumbwi wa mtindo wa Prospector, wa futi 16, inayouzwa kwenye karatasi kubwa, kila kalibu imechorwa kwa ukubwa wake halisi. Kuna majedwali ya vipimo ya bure mtandaoni, ambayo itanibidi nichore mwenyewe. Na kuna vile vimtumbwi vya mtu mmoja vya mtindo wa Wee Lassie, vyepesi mno, navipenda sana kwa macho.

Pili ni mbao. Mwerezi mwekundu wa magharibi, mwerezi mweupe wa huku kwetu, au sprusi? Tutautumia Boundary Waters, eneo la maziwa mengi kaskazini mwa Minnesota, mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka 7.

Kafi_Mbili (Peterborough, Ontario)

Karibu kaka. Nimejenga miwili, wa kwanza kwa jedwali la bure, wa pili kwa karatasi ya kununua, kwa hiyo naongea nilichokishika.

Wee Lassie uiweke pembeni. Ni kazi nzuri ya J. Henry Rushton wa Canton, New York. Mtu huyo mwaka 1883 aliunda mtumbwi wa Sairy Gamp uliokuwa na uzito wa ratili 10 na nusu tu! Lakini hiyo ni mitumbwi ya mtu mmoja, na nyinyi ni watatu na mizigo ya kambi.

Prospector ilipata sifa kwenye kiwanda cha Chestnut cha Fredericton, New Brunswick. Ubavu wake ni mrefu kwenda juu na ncha zake zimeinuka, kwa hiyo inabeba mzigo mkubwa na bado inageuka kirahisi mtoni. Ubaya wake ni upepo: mtumbwi ukiwa hauna mzigo kwenye ziwa pana, ule ubavu unashika upepo na unasukumwa. Jua pia kwamba leo kila mchoraji ana Prospector yake. Usinunue jina. Linganisha upana, kina cha katikati na kiasi ncha zilivyoinuka.

Sasa jedwali la bure. Halina ubaya, ila lina mitego. Wa kwanza: vipimo vimepimwa hadi nje ya mbao au hadi ndani? Vikiwa vya nje, lazima kila kalibu uipunguze unene wa ufito, milimita 6 kuzunguka pande zote, la sivyo mtumbwi unanenepa. Wa pili: jedwali likiwa na namba moja iliyokosewa, huioni kwenye karatasi. Utaiona ukishasimamisha kalibu zote, moja kila sentimita 30, ukalaza ufito mrefu juu yake. Pale pa kosa ufito unaelea au unabonyea. Mimi nilikaa wiki mbili nikikwangua na kujazia kalibu ya tano. Ningekuwa nimelipia ramani ningekuwa naunganisha fito tayari.

Hata ukinunua faili la kuchapisha mwenyewe, kagua kipimio kilichochorwa pembeni kwa rula kabla hujakata chochote. Duka moja la kuchapisha lilinipunguzia mchoro ili utoshe karatasi, bila kuniambia. Tofauti ilikuwa kama asilimia tatu. Jichoni huioni, lakini futi 16 ikipungua hivyo imekwenda karibu nusu futi.

Dada_Randa (Minneapolis)

Naungana na Kafi kwenye ramani. Niseme ya mbao.

Piga hesabu hivi. Mtumbwi wa futi 16 una eneo la kama mita za mraba 5.5. Zidisha kwa milimita 6, unapata mita za ujazo 0.033. Mwerezi mwekundu mkavu una kama kilo 370 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mbao zote za bodi ni kama kilo 12. Sprusi inaongeza kilo mbili hivi. Ungetumia mvule, wenye kama kilo 640, ungefika 21. Ongeza epoksi, faiba, viti na papi za ukingo, halafu uupandishe mabegani: Boundary Waters njia za kubebea mtumbwi kati ya ziwa na ziwa hupimwa kwa rodi, na rodi moja ni futi 16 na nusu, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Ukiambiwa rodi 180, kila kilo utaihisi.

Mwerezi mweupe ni mwepesi zaidi, lakini mbao ndefu zisizo na vifundo ni shida kupata. Utaunganisha vipande vifupi kila ufito. Mimi ningechukua mwekundu.

Na msishawishike na zile mbao za bei kubwa zilizopasuliwa zikiwa na nyuzi zilizosimama. Nunua ubao wa kawaida, ule ambao miduara ya mti imelala sambamba na uso wake mpana. Ukipasua fito kutoka ukingoni mwa ubao huo, uso wa kila ufito unatoka na nyuzi zilizosimama wenyewe. Randa inapita laini, haing'oi.

Vaa barakoa nzuri, si kitambaa. Vumbi la mwerezi mwekundu huleta pumu, na binti yako asikae gerejini unapopiga msasa.

FundiPangani

Salaam. Sisi huku ngalawa tunachonga gogo moja la mwembe, ramani iko kichwani. Nauliza kwa nia njema: milimita 6 ikigonga jiwe itapona?

Dada_Randa

Shikamoo fundi. Ufito wenyewe haubebi nguvu zote. Faiba ya nje na ya ndani ndizo zinazovutana, mbao iko katikati kuzitenganisha. Ikigonga jiwe mara nyingi inakwaruzika au inapata ufa wa faiba, unapiga msasa na kubandika kiraka. Lakini kuuburuta juu ya mawe kama ngalawa kwenye mchanga, hapana.

FundiPangani

Marahaba. Nimekuelewa. Basi wakati wa kupanga fito, usisahau rangi: zile zinazotoka ubao mmoja ziandike namba, moja iende kushoto na jirani yake kulia. Hata kwenye mashua tunaangalia pande mbili zifanane kwa ubao, si kwa umbo tu.

Saiprasi254 (Naivasha)

Kwa walio nyumbani: mwerezi mwekundu hapa ni ghali kupita kiasi. Mimi nilitumia saiprasi, ina kama kilo 450 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo unaongeza kilo tatu tu. Taabu yake ni mbili. Vifundo ni vingi, na inauzwa mbichi. Nilizipanga chini ya paa na vijiti katikati kwa miezi mitatu kabla sijapasua. Mwenzangu hakusubiri, na viungo vya fito zake vikaachia hata kabla ya faiba.

Mwanaziwa

Nawashukuru sana, asanteni kutoka moyoni. Nanunua karatasi ya Prospector na mwerezi mwekundu, ubao wa kawaida kama dada alivyosema, na fito nitaziandika namba. Papi za ukingo nitatumia mbao za cheri, kuna mzee jirani ananigawia. Imebaki epoksi: gereji yangu asubuhi ina baridi, napasha moto halafu nianze kupaka?

Kafi_Mbili

Hapana kaka, geuza. Mbao ikiwa inapata joto, hewa iliyo ndani yake inapanuka na kutoka, inakuachia mapovu chini ya faiba. Pasha gereji mchana kutwa, jioni punguza hita, ndipo upake joto likiwa linashuka. Na epoksi ikishakauka ipigwe vanishi yenye kinga ya jua, maana jua huila. Tutumie picha siku ya ufito wa kwanza.