Baridi ya Makete: jiko la mkaa, taa ya umeme au boksi la nyasi kwa vifaranga?

Mfugaji_Kitulo: Habari zenu wakuu. Niko Makete upande wa Kitulo, wenyeji mnaijua baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba, kuna asubuhi unaamka majani yote meupe kwa sakitu. Nina kuku chotara wakubwa nyuma ya nyumba na wiki ijayo napokea vifaranga 100 wa siku moja. Sasa niko njia panda, nitumie jiko la mkaa, ile taa nyekundu ya wati 250, au lile boksi la nyasi lisilotumia moto kabisa? Umeme wetu usiku hauaminiki na mkaa bei juu. Na hawa wakubwa niwawekee joto au niwaache tu?

MamaVifaranga (Njombe): Mkuu karibu. Mimi ni mtu wa mkaa, kwa sababu umeme ukikatika saa nane usiku vifaranga wa siku tatu hawakusubiri mpaka asubuhi, wanarundikana kona moja na wa chini wanakufa kwa kukosa hewa. Washa jiko nje mpaka makaa yawe mekundu na moshi uishe, ndipo uliingize na ulifunike na chungu chenye matundu, joto linatoka taratibu na kifaranga haungui. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35 pale usawa wa mgongo wao, ila kipima joto bora ni wao wenyewe. Wakisambaa bandani wanakula, joto liko sawa. Wakikimbilia kuta midomo wazi, limezidi. Wakijazana upande mmoja tu, kuna upepo unaingia upande wa pili, utafute huo upenyo uuzibe.

Kuku_Kinangop: Mama umesema vizuri lakini hapo kwa mkaa naomba niongeze, na sitanii. Moshi kuisha si kwamba sumu imeisha, makaa mekundu bado yanatoa kaboni monoksaidi na hiyo haina harufu wala rangi, inaua kuku na inaua watu. Juu ya ukuta acheni nafasi ya hewa kutoka, na tafadhali msilale chumba kimoja na hilo jiko. Mimi huku kwetu stima ikiwepo natumia taa maana naipandisha na kuishusha kwa mnyororo navyotaka, ila ifungwe imara kabisa, ikidondoka kwenye maranda ni moto. Boksi la nyasi ni zuri kwa wachache na kwa usiku, unalipanga nyasi kavu pembeni na juu unafunika na gunia lililojazwa nyasi, wanapashana joto lao wenyewe. Lakini kwa mia, gawanya maboksi mawili au matatu, na mchana bado watahitaji sehemu yenye joto ya kukimbilia.

Mdau_Uyole: Mmeongea moto tu, sakafu mmeiacha. Kwa baridi ya Makete ukimweka kifaranga juu ya saruji tupu hata uwashe majiko mawili miguu itakuwa ya baridi. Mwaga maranda makavu unene wa sentimita 5 hadi 8. Maranda, sio ule unga wa mbao, ule wanaudonoa na vumbi lake linawasumbua kifua. Yakilowa chini ya chombo cha maji toa siku hiyo hiyo, unyevu na joto ndipo koksidia, vile vijidudu vya kuhara damu, inapochemka, utaanza kuona choo cha damu.

Bongo_Minnesota: Kuhusu wakubwa ngoja niseme mimi, huku inafika chini ya nyuzi -20 na kuku wangu hawana taa wala hita. Kuku mwenye manyoya kamili ana joto la mwili kama nyuzi 41, anajivimbisha manyoya na anastahimili, kinachomwangusha ni unyevu na upepo wa kumpiga usiku. Watu wanaziba banda lote kwa turubai halafu mvuke wa pumzi na kinyesi unabaki ndani, asubuhi ukifungua amonia inakuchoma macho na ndio hapo upanga wa jogoo unaganda. Ziba chini, acha wazi juu karibu na paa. Na kichanja cha kulalia kiwe ubao wa inchi mbili kwa nne umelazwa upande mpana juu, wakikaa manyoya ya tumbo yanafunika vidole vyote. Jioni wape mahindi kabla hawajapanda kulala.

Mfugaji_Kitulo: Nawashukuru sana, naona nitachanganya, mkaa usiku na taa mchana umeme ukiwepo. Vifaranga niwatoe kwenye joto lini?

MamaVifaranga (Njombe): Punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Kwingine wiki ya nne wanatosha, kwa huko kwenu angalia manyoya ya mgongoni na kifuani, yakijaa waache mchana bila joto kwanza na usiku endelea mpaka ya sita. Maji ya asubuhi yawe vuguvugu, yakiwa ya baridi sana hawanywi na asiyekunywa hali. Na chanjo ya mdondo wiki ya kwanza usiiruke kwa sababu ya baridi.