Mate yanatoka shingoni baada ya kutoa zoloto (kisanduku cha sauti): ngozi isiyo na seli inafaa?

Kisu15: Mgonjwa alipigwa mionzi, saratani ikarudi, zoloto likatolewa lote. Siku ya 9 mshono wa shingo umekuwa mwekundu na mate yanavuja, tundu ni kama milimita 8. Tuna kipande cha ngozi ya binadamu iliyoondolewa seli. Nikishone juu ya tundu?

Umio_na_Koo: Hapana, kitayeyuka. Hakina damu yake. Kinangoja mishipa midogo ichipuke kutoka kwenye nyama ya chini, na shingo iliyokaushwa na mionzi ina uhai mdogo wa kukipa. Huku juu mate yanakila.

Kwanza fungua ngozi, mate yatoke nje yasielekee ateri ya karotidi, mshipa mkubwa wa damu wa shingoni, fungasha kwa shashi na uibadilishe kila inapolowa. Usishone nyama iliyovimba, nyuzi zitakata. Asile kwa mdomo. Mpira wa kulishia, protini gramu 1.2–1.5 kwa kila kilo ya uzito. Pima TSH, homoni inayoonyesha kazi ya tezi ya shingo! Mionzi na upasuaji huidhoofisha tezi hiyo, na kidonda hubaki kimelala hata ukisafisha vipi. Matundu madogo mengi huziba yenyewe, ila kwa aliyepigwa mionzi uwe na subira.

Flapu_ya_Kifua: Lisipoziba, au karotidi ikionekana, leta msuli wa kifua pamoja na mshipa wake, njia aliyoieleza daktari wa upasuaji Ariyan mwaka 1979. Ukuta wa koromeo ukiwa umepungua, chukua na ngozi yake. Ukitosha, msuli mtupu juu ya mshono. Njia ya kupitishia juu ya mtulinga ipitishe vidole vinne. Ikibana, vena hufungwa kwanza, flapu, yaani huo msuli uliohamishwa, inageuka zambarau.

Hicho kipande cha ngozi isiyo na seli kitumie mdomoni, palipo na msuli hai. Kiloweke kwenye salaini, kisha dondoshea damu: upande unaobaki mwekundu baada ya kusuuza ndio unaolala kwenye kidonda. Kitoboe matundu madogo, kishone kwa uzi unaoyeyuka wa Vicryl 4-0, kikandamize kwa shashi siku 5–7. Damu ikijikusanya chini yake, kimekufa.

Kisu15: Basi naacha. Anywe lini?

Umio_na_Koo: Kidonda kikikauka, piga eksirei akimeza dawa ya rangi inayoyeyuka majini, si bariamu. Na damu kidogo ghafla shingoni, hata ikikoma yenyewe, si ya kusubiri asubuhi: thieta, chumba cha upasuaji, mara moja.

Dada_Wodini: Soma pakiti kabla ya kusainisha ridhaa. Baadhi ya tando za aina hii ni za nguruwe, na Mwislamu ana haki ya kuambiwa kabla, si baada.