Kulinganisha mafaili yangu na yaliyoko kwenye ghala la Git

Muulizaji:
Habari zenu wanajukwaa. Natumia Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili. Nimerekebisha mafaili kadhaa kwenye kompyuta yangu, na kabla sijayatuma ningependa kuona yanatofautiana vipi na yale ya kwenye seva, ambako wenzangu nao wanaendelea kuandika. Nilipoendesha git diff baada ya git add, sikuonyeshwa chochote, ingawa nina hakika nimebadilisha mistari mingi. Je, nimepoteza kazi yangu?

Mchangiaji wa kwanza:
Hujapoteza kitu, ndugu. Amri ya git diff pekee hulinganisha mafaili unayoyahariri na eneo la maandalizi, yaani pale git add inapoyaweka mabadiliko kabla ya komiti (hatua ya kuyahifadhi rasmi kwenye historia ya Git). Ukishayapeleka yote huko, pande mbili hulingana. Tumia git diff HEAD, nayo itakuonyesha yote yaliyobadilika tangu komiti ya mwisho.

Mchangiaji wa pili:
Naomba kuongezea, kwa kuwa swali linahusu seva na amri hizo haziwasiliani nayo kabisa. Jina origin/main ni kumbukumbu tu, iliyomo kwenye kompyuta yako, ya jinsi tawi la seva, yaani mkondo wa kazi ulioko huko, lilivyokuwa ulipowasiliana nayo mara ya mwisho. Endesha kwanza git fetch, ambayo haigusi mafaili yako, kisha git diff origin/main. Usishtuke (mimi nilishtuka) ukiona mistari ambayo wenzako wameiongeza ikionyeshwa kana kwamba wewe ndiye uliyeifuta, kwa sababu huna mistari hiyo kwako. Ili uone kazi yako peke yake, andika git diff --merge-base origin/main, inayoanzia pale matawi yalipoachana. Wengi hupendekeza origin/main...HEAD yenye nukta tatu, lakini hiyo huangalia komiti tu, nawe bado hujaiweka.

Muulizaji:
Nashukuru, imekubali. Limebaki faili moja linaloonekana limebadilika lote, ilhali nimegusa mistari miwili tu.

Mchangiaji wa kwanza:
Aghalabu chanzo huwa ni alama za mwisho wa mstari, kwani Windows hutumia mbili na Linux hutumia moja. Ongeza --ignore-cr-at-eol kwenye amri. Ikibaki mistari yako miwili, rekebisha mpangilio wa kihariri chako kabla hujatuma. Tena, faili jipya ambalo hujaliwekea git add halionekani kwenye git diff. Litafute kwa git status.